Kivuli cha Mikaratusi

Anselmo Bertone alirusha ndege miaka thelathini akinyunyizia dawa mashamba ya Pergamino. Nyonga ilipogoma, akahamia mjini, kwenye chumba chenye ndege ya kuigiza ya kompyuta: kiti, usukani, skrini tatu, na picha halisi za ardhi zilizopigwa kutoka angani, zinazoshuka kwa mtandao kipande kwa kipande kadiri ndege inavyosonga. Binti yake Nilda ndiye aliyemfungia mitambo yote. Nilda huyohuyo aliiamuru kompyuta isilete picha mpya za shamba lao, itumie za zamani zilizohifadhiwa kwenye diski.

Sababu aliijua peke yake. Katika picha za zamani, mikaratusi kumi na mmoja aliyoipanda marehemu mama yake bado ilisimama mwisho wa kiwanja chao cha ndege. Anselmo alitua kwa kufuata vivuli vya miti hiyo. Kivuli cha kwanza kikipita chini ya bawa, anapunguza nguvu ya injini. Alifanya hivyo angani, akafanya hivyo chumbani. Lakini miaka miwili nyuma mpangaji wa shamba alitaka nafasi ya kugeuzia mashine zake, na Nilda akamwambia akate. Baba hakuulizwa. Baba alipouliza, Nilda alisema amepita shambani Agosti, miti inapendeza.

Jumapili moja diski ilijaa. Rafiki yake Eusebio, aliyekuwa akiruka naye kwa mtandao kutoka Junín pamoja na wenzao watatu, alimshauri kwenye spika afute picha za zamani. Mzee akafuta, na kompyuta ikaanza kuleta mpya. Nilda alipoingia na kibuyu cha mate, chai ya majani ya kwao, ndege ilikuwa inakaribia shamba lao.

Picha mpya huja na ukungu kwanza. Shamba lilikuwa doa la kijani tu, na Nilda alijikuta akiomba mtandao ukatike. Haukukatika. Ikajitokeza barabara, likajitokeza banda, kisha, mwisho wa kiwanja, vitone kumi na kimoja vyeupe. Visiki.

Anselmo alipita juu bila kutua. Akazunguka, akapita tena.

“Bertone, unatua au unanyunyiza?” Eusebio alimchokoza.

“Picha mbovu. Wameweka shamba la mtu mwingine.”

“Picha inapigwa, mzee mwenzangu, haiwekwi. Hapo pamekatwa miti.”

“Wewe mnene, tangu lini ukaona vizuri? Binti yangu alipita hapo Agosti. Kasema miti ipo. Nimwamini nani, mashine au Nilda?”

Kisha Eusebio akasema, kwa upole, kwamba kama Nilda kasema basi picha ina kasoro. Wengine wakakubali. Mmoja akaahidi kuwaandikia wenye picha warekebishe.

Hapo ndipo uso ulipomwaka Nilda kwa aibu. Wangembishia, angevumilia. Aliweka kibuyu chini, akainamia kipaza sauti.

“Don Eusebio, picha iko sawa. Miti niliikatisha mimi. Baba, nilikudanganya.”

Anselmo hakugeuka. Aliendelea kuizungusha ndege juu ya visiki, mzunguko mmoja, wa pili.

“Sasa nipunguze wapi?” aliuliza hatimaye.

“Kwenye kisiki cha kwanza, Baba.”

“Kisiki hakina kivuli. Sikioni.”

Nilda alisogea, akaweka kidole juu ya kioo, penye kitone cha kwanza. Ndege ilivyosogea, na kidole kikasogea. Alibaki hivyo, ameinama, wanaume wanne wakimsikia akipumua, mpaka baba yake alipotua.