Waliosukuma Pikapu ya Zubeiri

Jumamosi moja, saa nne asubuhi, Zubeiri aliingia duka la spea la Bibi Rehmatbai, pale Ngamiani mjini Tanga, ameshika plagi nne kuukuu alizozifunga kwenye gazeti. Kwa miaka sita duka lile halikuwa na kitu ila msasa, mishumaa na kalenda ya mwaka uliopita. Sasa biashara ilikuwa imefunguliwa, na rafu zilijaa hadi darini: fenibelti, betri, taa za Kijapani, hata manukato ya kutundika kwenye kioo cha gari.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, baba. Samli bado inatembea?"

Samli lilikuwa jina la pikapu, kwa ajili ya rangi yake. Zubeiri aliitumia kuleta machungwa mjini kutoka Muheza, na magari yalipokuwa machache wakulima walimteremshia mzigo wenyewe mpaka barabarani, na bado wakamwamkia. Lakini mwaka ule watu walianza kuingiza malori madogo kutoka ng'ambo. Malori hayo yalipanda mlima wa Magoroto hadi shambani kwenyewe, yakayachukua machungwa na umande wake. Samli ikifika nusu ya mlima hukohoa, kisha hurudi kinyumenyume.

"Nataka kitegeshi," Zubeiri alisema. "Cha kuitia injini nguvu."

Bibi Rehmatbai alivaa miwani, akatoa vikopo vitatu vya bati, kila kimoja na waya zake mbili na skrubu moja juu ya kifuniko.

"Nguvu haiji bure, baba. Hiki cha kwanza huichukua kwa mwenye gari. Hiki cha pili huichukua kwa wanaokula chungu kimoja na mwenye gari. Na hiki cha tatu, kwa wanaolisukuma."

"Bei?"

"Bei moja. Na kurudisha ruhusa, almuradi hujakikwaruza."

Zubeiri alivigeuza geuza kutafuta kutu, hakuiona. Akachukua cha kwanza kwa kuwa ndicho kilichokuwa karibu na mkono wake.

"Na betri je?" Bibi Rehmatbai aliuliza. "Zimekuja nzuri."

"Betri ya nini, bibi, nami nina Asheri?"

Asheri alikuwa mpakiaji wake, mtu wa miaka arobaini, mwenyeji wa Magoroto. Alibeba magunia mawili kwa mpigo na hakuwa na maneno mengi. Miaka ile ambayo betri haikupatikana hata kwa kibali, yeye ndiye aliyeisukuma Samli kila asubuhi, kutoka mlangoni kwa Zubeiri hadi pembe ya msikiti, ndipo injini ikashika. Waliokaa barazani walizoea kumtania: "Asheri, yakhe, punda ni nani kati yenu?" Naye hujibu: "Mwenye kwato."

Betri ziliporudi madukani hakuna aliyemwambia aache, na yeye hakuuliza.

Kitegeshi cha kwanza kilifanya kazi vizuri. Samli ilipanda Magoroto kwa gia ya pili bila kukohoa hata mara moja. Walipofika juu, Zubeiri hakuweza kufungua mlango. Asheri alimteremsha mgongoni kama gunia, akamlaza kivulini, akamnywesha uji wa mama yake, Elizabeti, ambaye nyumba yake ilikuwa pale pale mwisho wa barabara. Jumatatu Zubeiri akakirudisha kikopo dukani.

Cha pili nacho kilikuwa kizuri. Ila mkewe, Asmahani, alikaa siku tatu mbele ya mbuzi ya nazi bila nguvu ya kukuna hata kizio kimoja. Siku ya nne alimwambia mumewe, bila kuinua kichwa: "Ukipenda kikae, kikae. Lakini chakula chako utapikiwa na Samli." Kilirudi dukani siku hiyo hiyo.

Cha tatu kikabaki.

Kwa wiki mbili za kwanza Asheri alisema tu kwamba amechoka. Wiki ya tatu viatu vyake vikawa vikubwa. Akawa anabeba gunia moja, kisha nusu, na jasho lake lilinuka petroli hata muuza kahawa akamwomba, kwa adabu, asikae karibu na jiko lake. Zubeiri alianza kumwacha nyumbani na kuchukua vibarua wa huko huko Muheza. Kazi ya Asheri ikawa kusukuma asubuhi tu, kisha kurudi chumbani kwake kulala. Saa tisa mchana, Samli ikiwa Magoroto, miguu yake ilikanyaga hewani kama anayepanda ngazi, na kitanda kikasogea hatua mbili kuelekea mlangoni. Mwenye nyumba alilalamika kwamba sakafu yake inakwaruzwa.

Chini ya kitanda hicho kulikuwa na mabati kumi na mawili. Asheri aliyanunua moja moja tangu yalipoanza kuonekana tena madukani. Paa la nyasi la mama yake lilikuwa na tundu juu ya kitanda, na alitaka kuliezeka kabla ya vuli.

Akamwendea Zubeiri barazani.

"Mzee, nakuomba ukifungue kile kikopo. Wiki mbili tu. Nikamwezekee mama, kisha ukirudishe."

"Katikati ya msimu, Asheri?"

"Siwezi kuinua nyundo, mzee."

"Sasa mimi nimekukataza kupumzika? Si unalala mchana kutwa? Watu wangapi mjini hapa wanalipwa kwa kulala?" Zubeiri alimsogezea kikombe cha kahawa. "Msimu ukiisha nitakufungulia kwa mkono wangu. Na mabati nitakupandishia mwenyewe, bure. Wallahi."

Asheri alishukuru. Kikombe alikiacha pale pale, kwa kuwa kilikuwa kizito.

Alhamisi ya wiki iliyofuata Zubeiri alipakia magunia ishirini na mawili kwenye shamba la bondeni, halafu akataka kupita juu kuongeza mengine sita. Mlimani alisimamisha gari, akafunua boneti, akaikaza skrubu mzunguko mmoja. Wakati huo Asheri alikuwa kizingitini kwake Ngamiani akinyoosha misumari kuukuu kwa jiwe. Msumari wa tisa ulimponyoka. Samli ikazimika pale pale kilimani, na Zubeiri akaelewa. Alihuzunika sana, maana jua lilikuwa kali na magunia yalikuwa ishirini na mawili.

Msiba ulisimamiwa na majirani, Waislamu kwa Walutheri, kama ilivyo desturi ya mtaa. Zubeiri alijitolea Samli imchukue marehemu hadi kwao, na mabati yake pia, kama alivyoahidi. Watu walimsifu. Jeneza likawekwa juu ya mabati, mchungaji akakaa mbele, na Samli ikakataa kuwaka.

"Jamani, msaada kidogo," Zubeiri alisema dirishani.

Watu walitazamana. Kila mmoja mtaani alijua kile kikopo kinafanya nini. Bibi Rehmatbai hakuwahi kumficha mteja. Lakini Tanga mtu akiombwa kusukuma gari hakatai, sembuse gari lenye maiti. Kinyozi aliweka mkono, na mwalimu wa chuo cha Kurani, na muuza kahawa, na mwenye nyumba. Walifika thelathini na mmoja. Samli ikawaka kabla ya pembe ya msikiti.

Siku hiyo ilipanda Magoroto kwa gia ya tatu.

Asheri alizikwa mgombani kwa mama yake. Wanaume sita waliofuata kwa lori walikuwa wamekusudia kuyapigilia yale mabati kabla ya kuondoka, lakini wote sita walikuwa wamesukuma. Waliinua bati la kwanza hadi magotini, wakalirudisha chini, wakaomba radhi. Mabati yakaegemezwa ukutani.

Zubeiri hakupenda gari lirudi tupu. Alipakia magunia kumi na tano ya jirani, kisha akatazama mawingu.

"Mama Elizabeti, naona mvua. Niazime haya mabati nifunikie machungwa. Jumamosi nakurudishia."

"Chukua, baba," Elizabeti alisema. Alikuwa bado na udongo wa kaburi viganjani.

Zubeiri alivuta swichi. Kimya. Akatoa kichwa dirishani.

"Basi nisukume kidogo, mama. Mkono tu. Hapa ni mteremko."

Elizabeti alijifuta viganja kwenye kanga, akaegemea bodi ya nyuma, akasukuma.

Tangu hapo biashara ya Zubeiri imenyooka, na yale malori ya ng'ambo humpisha njia. Siku za machungwa, ifikapo saa tisa, Ngamiani hukaa kitako. Kinyozi huweka mkasi, na mteja hungoja na nusu ya ndevu. Mwalimu wa chuo huwaambia wanafunzi warudie aya ile ile. Muuza kahawa hukaa karibu na jiko la baridi. Mgeni akiuliza kuna nini, huambiwa gari linapanda. Baada ya dakika ishirini wote huinuka na kuendelea. Betri za Bibi Rehmatbai zimeshika vumbi. Kila mwezi huzipangusa.

Juu Magoroto, Elizabeti huketi popote alipo Samli ikianza kupanda: kisimani, mgombani, mlangoni. Mvua ikiwapo humnyeshea mpaka gari lifike kileleni. Kisha huinuka na kuingia ndani, akasogeza sufuria chini ya tundu la paa.

Samli huzimika mlangoni kwake, kwa kuwa ndipo mwisho wa barabara. Zubeiri humwamkia vizuri.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Na yale mabati?"

"Jumamosi, mama. Haki ya Mungu, Jumamosi. Hebu nipe mkono."

Elizabeti hujifuta viganja kwenye kanga.