Nishani Shingoni mwa Ngamia

Haya nilisimuliwa na wifi yangu Khadijo, mwaka ule wa mafuriko.

Awadh, baharia wa Mukalla, Yemen, aliyeoa Garissa, alivishwa nishani ya ushujaa vita vya serikali na shifta, waasi wa kaskazini, vikiendelea, kwa kuwaopoa askari sita mtoni Tana. Wiki haikuisha, askari walewale wakawaua ngamia wa mkewe Jawahir, eti maziwa yanakwenda kwa shifta. Akabaki jike mmoja. Kesho yake wakamrudia.

Awadh akamvua ngamia kengele yake ya mti, akamfunga nishani.

“Haya, huyu sasa shujaa wa serikali. Mpigeni!”

“Mzee, una wazimu?”

“Wazimu niliufanya mtoni, nilipowashika mkono!”

Bunduki zikashuka, wakaondoka.

Jawahir akakamua, akanywa, akalala. Awadh akabaki akiwatukana, mpaka usingizi ukamchukua, kamba ya ngamia mkononi.