Kristu ya Kichuguu

Miye Syntiche, binti ya Godefroid mufyatua matofali wa mutaa ya Annexe, sishindwaki na komite ya parokia. Nilichonga Kristu mu kichuguu ya nyuma ya kanisa yetu, murefu kupita mulango, bila simenti hata kidogo. Miti mbili ya musuku iliyomea ku mabega njo mikono yake. Juma tatu nzima na jembe na kisu ya jikoni, jua inanichoma shingo. Iko muzuri. Nasema mwenyewe, nikingojea bantu baseme nitazeeka.

Papa Gauthier, prezida ya komite, alikizunguka mara mbili. Misa ilipoisha akatangaza kwamba mvua ya kwanza itakigeuza matope, na Jumamosi, siku ya posho yenye kufuata, kitavunjwa, kifanywe matofali ya ukuta. Akaongeza:

— Hakuna mukristu atapiga magoti mbele ya nyumba ya muchwa.

Bantu bakacheka. Iliniuma, sidanganyi.

Lakini Papa Gauthier iko muntu ya kukaa mu biro, udongo haujui. Mufyatua matofali akitaka udongo ya kichuguu, anaanza kwa kutoa malkia ya muchwa. Baba alinifundisha kumutafuta, na komite walizani nilimutoa. Nilimuacha. Nilichonga juu juu tu, ndani muchwa wakaendelea na kazi yabo. Na kichuguu yenye malkia, mvua ikinyesha, inazaa bowa, ile uyoga tamu ya kukula.

Mvua ikanyesha siku tatu. Siku ya posho asubui, tukafika: bamama ya kwaya, banaume na majembe, Papa Gauthier mbele. Kristu alikuwa amesimama. Muchwa walikuwa wameziba mipasuko yote ku mbavu. Na kuanzia miguu mpaka ubavu, bowa nyeupe, mapana kama sahani.

Bowa ya kichuguu hauichumi umesimama, inakatika. Unapiga magoti, unafuata muzizi na vidole. Bamama bakapiga magoti bote. Banaume bakaweka majembe chini, bakapiga magoti nabo.

Papa Gauthier alibaki na jembe yake kitambo. Kila muntu anajua anavyopenda bowa. Mwishoni akakunja suruali, akashuka.

Nilimusogelea. Ningeweza kumufanya achekwe mbele ya bote. Nikasema polepole:

— Papa, magoti iko chini.

Alitoa bowa moja na muzizi yote, akainua macho, akautazama ule uso ya Kristu. Kisha akafanya alama ya musalaba na ile mukono ya udongo.

— Majembe yarudi ku stoo, akasema.