Obondo Hataki Kulala Chali

Nilitoka mtoni na karai la nguo kichwani, nikawasikia kabla sijawaona. Mtoto alikuwa akipumua kwa mkoromo wake niliouzoea, kama maji yanayojipenyeza kwenye kokoto. Mama mkwe wangu, Susana, alikuwa ameegemea kiti kwenye upenu wa jikoni, mtoto amelala kifudifudi kifuani pake, na mkono wake umeufunika mgongo ule mdogo. Nikaanika nguo taratibu nisiwaamshe. Nilipokwenda kumchukua mtoto nimnyweshe maziwa, ule mkono ulikuwa umepoa. Pumzi niliyokuwa nikiisikia muda wote ilikuwa ya mmoja tu.

Hayo yalitokea mapema mwaka huu wa 1996, nyumbani kwa mume wangu Walter, nje kidogo ya Awendo. Mtoto wetu alikuwa hajamaliza mwezi wa tatu. Alizaliwa na kidevu kidogo kilichorudi nyuma, na ndani ya kinywa kaakaa lake lilikuwa na pengo. Alipolia, sauti ilikatika njiani. Alipolala, mara nyingine midomo yake iligeuka zambarau, na kifua kikabonyea chini ya mbavu.

Mara ya kwanza alipokabwa, hatukujua tufanye nini. Susana alimnyakua mkekani, akampindua juu ya mapaja yake, akaanza kuwaita wafu wa ukoo mmoja baada ya mwingine. Kwetu ndivyo ilivyo: mtoto anayehangaika huenda anadai jina la mtu aliyetangulia, na likitajwa lake hutulia. Akaita wazee, akaita shangazi. Alipofika kwa Obondo, ndugu wa marehemu baba mkwe, mtoto akavuta pumzi ndefu na kunyamaza.

"Umesikia?" Susana akaniambia, jasho likimtiririka. "Alikuwa anangoja kuitwa." Tangu siku hiyo mtoto akawa Obondo.

Juma lile lile tulimpeleka hospitali huko Homa Bay. Muuguzi aliyetupokea, Mkisii aitwaye Nyanchama, alikishika kidole changu akakiweka chini ya taya la mtoto, nihisi lilivyokuwa fupi.

"Ulimi wake hauna nafasi, mama. Ukimlaza chali unaanguka nyuma na kuziba njia ya hewa. Mlaze kifudifudi, uso upande, na asiachwe bila mtu wa kumwangalia. Maziwa mpe kwa kikombe, amekaa wima, kidogo kidogo. Akikua, taya nalo litakua. Kaakaa litashonwa baadaye."

"Na jina?" akauliza Susana.

Nyanchama akatabasamu. "Mwiteni mnavyopenda, bibi. Ila asilale chali."

Tukarudi nyumbani, watu wawili wenye kazi moja na sababu mbili. Mimi nilimlaza kifudifudi kwa sababu ya ulimi. Susana alimlaza hivyo kwa kuwa ndivyo alivyokuwa amelala Obondo alipomwitikia. Sikumbishia. Nilikuwa na cheti changu cha kidato cha nne, lakini nilikuwa pia na macho, na niliona mtoto akitulia kila alipoitwa jina lile.

Dada yake Walter, Caren, alipokuja kututembelea, alicheka akashika kiuno. "Mtoto gani huyu anayelala kama kenge juani?"

"Kenge hajawahi kukabwa na ulimi wake," Susana akamjibu. "Wewe mwache kenge wangu aote jua."

Hakuna aliyethubutu kumgusa tena. Neno la Susana lilikuwa ukuta, nami niliishi nyuma yake.

Ndiyo maana siku ya matanga nilijiona sina pa kusimama. Boma lilijaa watu. Mtoto, aliyekuwa amepokezanwa mikono tangu asubuhi, akaanza kuhema kwa shida. Caren akamtoa mikononi mwangu.

"Huyu ni mama sasa," akawaambia shangazi zake. "Anadai jina lake. Mleteni hapa tumwone uso."

Wakamlaza chali mkekani. Jina huitwa mtu akitazamwa, wakasema, la sivyo utajuaje kama ameitika? Wakamzunguka.

"Susana! Susana, mama yetu!"

Kifua kikabonyea. Midomo ikaanza kubadilika.

"Anasikia!" shangazi mmoja akapaza sauti. "Tazameni anavyohangaika! Ongezeni!"

Mke wa nyumbani hamnyang'anyi wifi yake mtoto mbele ya jeneza la mama yake. Nililijua hilo, na miguu yangu ililijua zaidi yangu. "Obondo hataki kulala chali," nikasema. Hakuna aliyegeuka. Nikafikiria kuwaeleza habari za ulimi na njia ya hewa, nikaona maneno ya Nyanchama yakipita juu ya vichwa vyao kama moshi.

"Mama amenijia ndotoni!" nikapiga kelele. "Amesema mtoto asilazwe chali. Na mtu yeyote!"

Caren akainua uso uliovimba kwa machozi.

"Lini?"

"Leo. Niliposinzia pale ukutani."

"Mbona asije kwangu, mimi aliyenizaa?"

"Sijui, dada. Mgeuze."

Alinitazama kwa muda ambao sikudhani mtoto angeuvumilia. Kisha, kwa mikono yake mwenyewe, akampindua. Tukasikia mkoromo, halafu pumzi.

Tangu hapo nimejiuliza kama nilisema uongo. Ni kweli nilisinzia pale ukutani. Nakumbuka uzito wa mkono mgongoni mwangu na sauti iliyokuwa ikinielekeza jambo, lakini kama sauti ile ilikuwa ya Susana au ya Nyanchama, siwezi kuapa. Pengine hakukuwa na sauti, nami nikaiokota baadaye ili nisijione mwongo. Wala sijui ni nini kilichompa mtoto pumzi siku ile ya kwanza, mapaja au jina, maana vyote viwili vilimfikia pamoja. Susana peke yake ndiye ningeweza kumuuliza bila kuona haya.

Siku hizi Caren huja mara kwa mara, na humlaza Obondo mwenyewe, kifudifudi, uso upande. Wageni wakishangaa, huwaambia kuwa ni agizo la mama yake. Mimi huchukua mtungi nikaenda kuteka maji.