Viti Kumi na Viwili

Katika ghala letu hapa Koboko, wanawake kumi na wawili tulichambua simsim tumesimama, asubuhi mpaka jioni. Mwenye ghala, Bwana Afedra, alisema anayekaa amelala. Yeye alikuwa na kiti chenye mto, na sikuwahi kumwona akichambua hata punje moja.

Barua ya kudai viti ilianzishwa na Betty, mkimbizi wa Sudan Kusini, mwenye mimba ya miezi saba na miguu iliyovimba. Mwaka uliopita Afedra alimfukuza aliyetia saini ya kwanza kwenye barua kama hiyo. Kwa hiyo Drani wa chama cha wafanyakazi, kule Arua, aliipiga chapa barua yetu, nami nikafunika bakuli la kupimia simsim juu ya karatasi, nikapitisha kalamu ukingoni. Tukaandika majina kuzunguka duara. Nani wa kwanza hapo?

Tulipompelekea, Afedra aliizungusha karatasi, akapinda kichwa huku na huku mpaka shingo ikamuuma.

"Nani ilianza hii kitu, Phiona?"

"Sisi yote, bosi. Jina yangu iko hapa, ya Betty iko pale. Soma tu."

Kidole kimoja hakivunji chawa. Drani alikuja, wakabishana nusu siku, na Afedra akatia saini: viti vitaletwa, na hakuna atakayefukuzwa kwa sababu ya barua.

Jumatatu viti vikafika. Kila mmoja akasimama kando ya chake, na hakuna aliyekaa. Sisi tumelelewa hivyo: kwenye shughuli hukai kabla ya mwenye shughuli. Bila kufikiri, wajinga sisi, tukageuka sote kumtazama Betty.

Afedra alikuwa mlangoni.

"Kumbe iko wewe," akasema.

 Siri tuliyoitunza mwezi mzima tulikuwa tumeimwaga kwa adabu zetu.

Betty alivuta kiti, akakaa polepole, akanyoosha miguu.

"Iko mimi, bosi. Lakini karatasi yenye saini yako iko Arua na Drani."

 Nasi kumi na mmoja tukakaa. Nilifurahi mno, sifichi, hata nikasahau kuanza kazi.

Ghala zima, aliyesimama alikuwa Afedra peke yake.