Sanduku la Kwenda Wellington

Alhamisi moja ya mwezi wa Mei, Edah alivuta sanduku la bluu kutoka chini ya kitanda, akalipangusa vumbi kwa leso kuukuu, akaanza kupanga nguo za baridi. Nje, mtaa wao wa Handsworth, Uingereza, ulikuwa ukiota jua. Watoto wa jirani walikaa ukutani wakiramba aiskrimu, na mabasi ya Soho Road yalipita madirisha wazi. Edah alikunja sweta, soksi nene na koti la mvua lenye kofia ya kukaza kwa kamba. Alikuwa amesoma kwamba Wellington, mji wa upande wa pili wa dunia, mwavuli hauna kazi. Upepo huupindua kabla hujavuka barabara.

"Julai kule ni baridi kama Limuru," alimwambia Rita, aliyepanga naye nyumba na sasa amesimama mlangoni na kikombe cha chai.

"Limuru haina bahari, Mama Tevin."

"Basi ni Limuru iliyoteremshwa Mombasa."

"Na vile vilima? Kwa magoti hayo?"

"Nitapanda basi mpaka litakapochoka, halafu nitembee polepole. Makaburi yako juu kabisa, ukitazama chini unaona bandari yote."

Rita alikuwa na mzaha mwingine mdomoni, lakini makaburi yalikuwa yameshatajwa. Akanywa chai yake.

Tevin alikuwa mtoto wa pekee wa Edah. Alikuwa Wellington akifanya kazi ya kufunga vyuma vya majukwaa ya ujenzi, na Julai iliyotangulia upepo ulimwondoa juu ya jengo. Alizikwa huko huko. Katika ukoo wa kina Edah, mama mzazi ndiye hutangulia kutupa udongo kaburini. Udongo wa mama ndio ruhusa. Bila huo, marehemu hukaa njiani akingoja kuambiwa aende.

Edah aliomba likizo ya mazishi akakosa. Kampuni iliyomleta Uingereza kutunza wazee majumbani mwao ilisema hakuna mtu wa kushika zamu yake. Kwa hiyo aliyatazama mazishi kwenye simu aliyoiegemeza kwenye kopo la sukari, chumbani kwa mzee Vinubhai, saa ya kumlaza. Huku ilikuwa jioni ya kiangazi yenye mwanga bado, kule ilikuwa asubuhi, na watu waliharakisha kabla dhoruba haijafika.

Vinubhai alizaliwa Kisumu, na miguu yake ilikuwa imekufa. Alinyanyuliwa kwa mashine, akiwa ndani ya kitambaa kipana ambacho Edah alikiita mbeleko. Kanuni ilitaka watu wawili: mmoja aendeshe mashine, mwingine ashike mbeleko isiyumbe. Mtu wa pili aliandikwa kwenye zamu kila siku na hakuwahi kuja. Edah aliendesha kwa mkono mmoja na kushika kwa mwingine.

Mchungaji wa kule aliposema, "Mama mzazi aanze," Vinubhai alikuwa ananing'inia katikati ya kiti na kitanda.

"Achilia, Mama," mzee alisema kutoka juu. "Tupa mchanga ya kijana. Mimi nangoja hapa."

Edah hakuachilia. Angeachilia, mzee angejigonga kabatini. Kwenye simu, kijana mmoja aitwaye Keinan, aliyefanya kazi na Tevin, alitazama huku na huku, kisha akainama akatupa udongo yeye. Edah alipomaliza kumfunika mzee shuka, simu ilikuwa inaonyesha nyasi tu.

Ndiyo sababu ya safari. Mnamo Januari Kiran, mpanga zamu wa kampuni, alimkubalia likizo ya Julai. Viza ikatoka, tiketi ikakatwa, na Alhamisi hiyo ya Mei watu wa ushirika wake wa maombi walikuja kuliombea sanduku.

Ushirika wao ulikuwa na desturi hiyo. Hakuna aliyesafiri mbali kabla sanduku lake halijafunguliwa sebuleni na kila mtu kuligusa. Kiongozi wao, Cleopas, dereva wa basi, alifika na sare yake ya kazi, akapiga goti, akaweka mikono miwili juu ya zile sweta.

"Bwana, fungua njia!" aliomba, jasho likimtoka. "Kati ya nyumba hii na kaburi la kijana wetu, kizuizi chochote kivunjwe!"

"Kivunjwe!" wakaitika. Kisha wakala chapati na ndengu.

Asubuhi yake upepo ulianza kutoka ndani ya sanduku. Ulikuwa wa baridi, wenye chumvi, na ulikuja kwa vishindo kama mtu anayefungua na kufunga mlango. Ulimwaga uji wa Rita na kung'oa kalenda ya kanisa ukutani. Edah alilifunga sanduku akalikalia, kisha akampigia Cleopas.

"Tuliomba njia ifunguke," Cleopas alisema baada ya kufikiri. "Kumbe imeanzia upande wa kule. Acha zipu wazi kidogo, isije ikapasuka."

Wakauzoea. Rita alihamishia uji wake jikoni. Pallavi, jirani wa ukuta wa pili, alileta shuka zake zianikwe chumbani kwa Edah, kwa sababu upepo huo ulikausha kuliko mashine. Mwezi Juni matone ya mvua yalianza kulowesha soksi, na mara moja Edah alikuta unyoya wa ndege wa baharini kwenye mfuko wa koti. Baadaye sakafu ya sanduku ikainuka upande mmoja. Sweta ziliteremka kila asubuhi, naye alizirudisha. Alipoziondoa zote aliona mteremko wenye nyasi, taa za bandari chini yake, na msalaba wa mbao ulioinamishwa na upepo. Alisoma jina la mwanawe. Hakulia. Alimshukuru Mungu, akaongeza soksi nyingine.

Zilipobaki siku chache, Kiran alipiga simu.

"Edah, samahani sana. Julai sina mtu."

"Uliniahidi Januari."

"Januari nilikuwa na watu. Wameondoka."

"Ni kaburi la mwanangu, Kiran."

"Najua." Simu nyingine ilikuwa inalia nyuma yake. "Ukienda bila ruhusa, kampuni itauondoa udhamini wa viza yako. Ukitoka nchini hutaingia tena. Amri si yangu. Ningeweza kukuchukulia zamu mimi mwenyewe ningekuchukulia, lakini tayari nina za watu wengine."

Hakuwa anadanganya. Sauti yake ilikuwa ya mtu ambaye hajalala.

Siku aliyopaswa kusafiri, alasiri kabla ya zamu ya jioni, Edah alijifunga leso, akapiga magoti mbele ya sanduku, akaomba mpaka magoti yakafa ganzi. Hakuomba tena njia. Njia alikuwa nayo. Aliomba apungue.

Alijaribu mguu, haukuenea. Alijaribu kichwa, upepo ukamrudisha. Sanduku lilikuwa la kipimo kinachokubalika kwenye ndege na halikukusudiwa kupitisha mtu. Ila mkono wa kulia uliingia mpaka begani. Alipapasa nyasi zenye umande, akapapasa msalaba, halafu vidole vyake vikazama kwenye udongo wa mfinyanzi. Akafumbata, akainua, akautupa pale ulipopaswa kuangukia mwaka mzima uliopita. Alisikia ukianguka.

"Nenda, mwanangu," alisema. "Mama amekuruhusu. Nenda."

Alipoutoa mkono, upepo wote ulitoka nao. Sakafu ya sanduku ikawa tambarare, kitambaa cheusi tu na sweta zilizolowa. Upepo ulimfuata bafuni aliponawa, ukamfuata ngazini, ukamfuata mpaka kituo cha basi. Dereva aliwangoja wote wawili wapande ndipo akafunga mlango.

Vinubhai alikuwa dirishani kwenye kiti chake.

"Mama! Mimi nasema leo wewe iko kwa ndege."

"Mkono ndio ulisafiri, Mzee."

Aliitazama mikono ya Edah. Udongo wa manjano ulikuwa bado chini ya kucha za kulia, ingawa alikuwa amesugua kwa brashi. "Basi mkono ilifika," alisema. "Vaa glavu, chai baadaye."

Mtu wa pili hakuja. Edah alimfunga mzee mbeleko, akabonyeza kitufe, akanyoosha mkono wa kushoto kuishika isiyumbe. Haikuyumba. Upepo ulikuwa umeikaza upande wa pili. Ulimpeleka mzee kitandani na kumtua polepole kuliko Edah alivyowahi kumtua peke yake.

Vinubhai alijitengeneza kwenye mto. "Kijana yako iko nguvu," alisema. "Lakini mkono baridi."

"Tangu utotoni alikuwa hivyo."

"Wewe hapana ambia yeye kwenda?"

"Nimemwambia."

Mzee alikitazama kiti cha pembeni kilichowekwa kwa ajili ya mtu wa pili, kisichokaliwa na mtu.

"Takwenda namna gani?" aliuliza. "Wewe iko peke yako."

Edah alimfunika shuka. Alikwenda jikoni kuchemsha chai, na huko ndiko alikolia, kidogo, kwa sababu alikuwa na mzee mwingine wa kumwahi Balsall Heath.

Vuli ilipofika, ofisi iligundua kwamba kwa Vinubhai kazi ilikwenda vizuri na hapakuwa na ajali hata moja. Mkaguzi alikuja, akaona nywele zake mwenyewe zikipepea chumbani madirisha yakiwa yamefungwa, akauliza kama mzee hasikii baridi. Kisha akapendekeza mtu wa pili aondolewe kabisa kwenye zamu, kwa kuwa ilikuwa wazi hahitajiki.

Edah aliomba likizo ya Julai nyingine. Kiran alivuta pumzi kwenye simu.

"Tatizo, Edah, kazi ya pale mnaijua nyinyi wawili tu. Mkiondoka nitamweka nani?"

Sanduku lilirudi chini ya kitanda, sweta zikiwa ndani. Kila usiku Edah aliomba akimtaja mwanawe kwa jina, kwamba aachiliwe, na kila asubuhi pazia la chumba, likipepea, lilimtangulia kufika mlangoni.

Kwa Vinubhai alivaa glavu. Alishika mbeleko upande wake. Kanuni inataka anayeendesha mashine amuulize mwenzake kwanza, kabla ya kunyanyua, naye hakuiruka kamwe.

"Tayari, baba?" aliuliza, akitazama upande wa pili wa mbeleko.

Pazia likapepea mara moja, naye akabonyeza kitufe.