Chungu Kilichoomba Kwapa

Usiku wa kuamkia leo nimeota nachambua maharage, kama ninavyofanya kila jioni, mara harage moja likanishika kidole.

"Usinitupe," likasema. "Nina tundu la mdudu, lakini nina akili. Nenda chunguni, kuna ugomvi."

Nikajifuta mikono, nikaingia chunguni.

Chungu ni cha mama mkwe wangu, Mama Eliamani. Humo huchachusha maharage ya kiungo cha mboga. Mara mbili mfululizo yameoza, na sasa anasema mikono yake imekufa. Ameapa kwamba yakioza tena, atakivunja. Mimi nina kichupa cha chachu niliyoikuza chuoni, nami nashindwa kukitoa mkobani. Ataona namdharau.

Chunguni mna ukumbi wa mtihani. Bakteria wa kuozesha wameshakaa viti vya mbele, wanatafuna njugu. Wa kichupa changu wako mlangoni, foleni ndefu, kila mmoja na begi lake.

"Mbona hamwingii?"

"Chachu nzuri huingia kwanza, tena kwa wingi," anasema mmoja. "Uliandika mwenyewe kwenye daftari lako la chuo. Tumechelewa kwa ajili yako."

"Naona haya."

"Hiyo haya tuifanye mboga?"

"Wageni hao!" wanapiga kelele wa mbele. "Wa chuo!"

"Mgeni nani? Tumezaliwa humu humu. Binti alichukua kijiko cha maharage ya mama, yale matamu ya mwaka juzi, akatulea. Tunarudi kwetu."

Chungu kinaanza kutetemeka. "Bi harusi, baridi! Chachu inataka joto la kwapa."

"Hayo niliandika makadirio tu," nakijibu.

"Kadiria wewe. Mimi naingia."

Kikaniingia kwapani, na bakteria wote na mabegi yao. Hapo hapo niko harusini kwangu. Mama Eliamani ananiletea keki, kisu nikishike kwa mikono miwili. Nikinyanyua mkono, chungu kitaanguka.

"Kata, mwanangu. Watu wana njaa."

Nataka kumweleza. Kinywa kimejaa utelezi wa maharage, unavutika kila nikitamka neno. Wageni wanagonga meza. Chungu kinateleza.

Nikaamka na jasho. Kumekucha. Chini ya kwapa la kulia, kwenye gauni la kulalia, pana duara la masizi.

Nilichukua mkoba, nikaenda jikoni hivyo hivyo. Mama Eliamani alikuwa anatandaza maharage yaliyoiva juu ya majani ya mgomba, yapoe.

"Masizi kwapani?" akacheka. "Ulilala na chungu, mwanangu?"

"Ndiyo, Mama."

Akacheka zaidi, halafu akaitazama mikono yake. "Afadhali wewe. Mimi hii mikono…"

"Haijafa!"

Sauti ilitoka kubwa, kuku wakakimbia. Nilitoa kichupa.

"Haijafa, Mama. Chachu hii nimeitoa kwenye maharage yako mwenyewe. Sikuja kukufundisha. Nataka kupika na wewe."